Mkono wa Mjane katika Chumvi

Ukipita Katuba Ijumaa mchana na pua yako ni nzima, basi unamjua Adolphine, muuza nyama ya nguruwe ya moshi, hata kama hujawahi kumtia machoni. Moshi wake hukupokea tangu kwenye kona ya barabara, hugandia shati lako na kukufuata mpaka nyumbani, na huko mkeo atakuuliza umekula wapi. Ni moshi wa kuni za musuku, mti wa porini, moshi mtamu. Lakini ndani ya harufu hiyo kuna kitu kingine ambacho watu wa mtaa wamekibishania miaka mingi. Wapo wanaosema ni majani yanayovushwa kutoka Zambia, na wapo wenye midomo wanaosema ni dawa.

Si majani wala dawa, ni uyoga. Mvua za kwanza zikishuka na akina mama kutoka porini wakapanga mabeseni ya uyoga kando ya barabara, Adolphine hununua ule wa rangi ya chungwa ambao wengine huucheka kwa udogo wake. Huuanika juu ya bati mpaka uvunjike kama biskuti, kisha huutwanga uwe unga. Mama yake alifanya hivyo hivyo kule Kamina, baba alipokuwa mfanyakazi wa reli na mama akiwauzia abiria nyama ya moshi dirishani mwa treni. Treni siku hizi hupita ikijisikia, lakini unga wa uyoga haujawahi kukosekana kwa Adolphine.

Mwangalie anavyochagua viungo vyake, utajua ni mwanamke wa namna gani. Akiingia soko la Kenya, mtaa mwingine wa hapa mjini, wauza pilipili huambiana, "Anakuya!" na wale wenye mali ya kutia shaka huifunika. Pilipili ya unga haigusi, kwa sababu anasema siku hizi watu wanakula unga wa matofali bila kujua. Anataka pilipili kavu nzima, ndefu, nyekundu ya kuiva, ile ya kutoka upande wa Kasenga. Huivunja kwa kucha karibu na sikio lake. Ikilia, hununua, ikijikunja kimya, huirudisha na kumwambia muuzaji mbele ya watu kwamba bado ina maji. Ndivyo alivyo pia na tangawizi na kitunguu saumu, ambavyo havinunui mpaka avinuse kama anayetafuta kosa.

Nyumbani huanza na chumvi, ambayo hapa mjini tunaiita munyu. Huchukua ya mabonge, huikaanga bila mafuta mpaka ianze kuruka sufuriani, kisha huitwanga. Ikiwa bado na joto hutia unga wa uyoga, kwa sababu chumvi ya moto hunywa harufu na chumvi baridi huikataa. Baada ya hapo hufuata pilipili, tangawizi, pilipili manga, sukari kidogo ya kuipa nyama rangi, na kitunguu saumu mwisho wa yote. Huchanganya kwa mkono mtupu, kwani kijiko hakisikii unyevu. Kisha huweka kidogo juu ya kiganja na kulamba. Mteja naye, akifika getini, hunyoosha kiganja apewe chembe za mchanganyiko aonje kabla ya kununua nyama. Desturi hiyo ya kiganja ni yake, na ilimletea wateja kuliko tangazo lolote.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuusifu mchanganyiko huo. Ni mama mkwe wake, Mama Martine, mwanamke mwembamba wa Kipushi mwenye kikohozi cha miaka mingi. Kila alipomtembelea mwanawe alinyoosha kiganja, akalamba, akakunja uso na kusema neno lile lile: "Munyu iko mingi." Chama, mume wa Adolphine, alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Alikuwa dereva wa lori la shaba, mtu wa kucheka kwa sauti, na mkewe alimpenda kwa namna ambayo hakuona haya kuionyesha.

Halafu Chama akaugua figo, na ugonjwa ukammaliza taratibu mikononi mwa mkewe.

Msiba ulipopoa, ukoo wa Chama ulikuja kutoka Kipushi na kuketi uani kwa Adolphine. Aliyesema ni Mwelwa, mdogo wake marehemu. Mwelwa si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mtu aliyezoea kutiiwa, na wa namna hiyo huwa anachanganya utiifu na ukweli. Alikohoa kidogo, akaeleza desturi ya ukoo wao: mjane ana kivuli cha marehemu mwilini, na kivuli hicho huondolewa kwa kulala na ndugu wa mume. Koo nyingi siku hizi zimeacha. Nyingine hutosheka na unga mweupe kidogo kwenye paji la uso, na sala. Mwelwa alitaka ifanywe kama zamani, na ndugu wa mume aliyekuwa amebaki, kwa bahati, alikuwa yeye mwenyewe.

"Ba Mwelwa," Adolphine alisema, kwa heshima zote, "miye nilikuwa ninamupenda ndugu yenu. Nilimunawisha, nilimulisha, alikufa mu mikono yangu. Uchafu iko wapi mu mambo ile? Nijisafishe juu ya nini?"

"Mulamu, haiko miye nilianzisha desturi," Mwelwa alimwambia shemeji yake.

"Basi haiko weye utanimalizia nayo."

Wazee walitazama chini. Mama Martine alikuwa pale, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akikohoa ndani ya leso. Hakusema lolote, na Adolphine aliuhesabu ukimya huo kuwa ni kura ya kumpinga.

Mwelwa aliinuka na kufunga kitenge chake cha msiba begani. "Ni muzuri. Hatukulazimishi. Lakini unajua vile iko. Mujane mwenye hakusafishwa hagusake munyu ya bantu. Akiitia mu chakula, wenye kukula batashikwa na kifua, batakohoa mpaka bafe. Uache ile kazi, ao ukubali."

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Angekuwa mshonaji au muuza makaa, katazo hilo lingemkera tu. Lakini mtu wa nyama ya moshi bila chumvi atafanya nini? Chumvi ndiyo inayokausha nyama na kuilinda isioze, hasa kwenye mji ambao umeme hukatika ukajisahau na friji zikageuka makabati. Kumkataza Adolphine chumvi ilikuwa kumkataza kazi yake, na Mwelwa alilijua hilo vizuri.

Adolphine alisema kwamba haachi na hakubali. Akaingia ndani kufua.

Jioni hiyo hiyo Mwelwa alirekodi sauti na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Familia haziwezi kukaa na sauti. Ilitoka Kipushi, ikaingia kundi la kwaya, ikafika kwa vijana wa pikipiki, na baada ya siku chache kila mtu Katuba alikuwa amemsikia Mwelwa akisema kwa upole wa padri: "Bandugu, mujichunge. Miye simuchukii mulamu yangu. Minasema tu, munyu ya kwake haiko ya kukula."

Wateja walianza kupungua, kisha wakakoma. Hakuna aliyekuja kumwambia kitu. Mmoja alisema daktari amemkataza nguruwe, mwingine kwamba anafunga. Yule mama wa jirani aliyekuwa akipeleka watoto wake waombe mifupa aliwaita warudi kwa sauti ya haraka, kama watoto wanaochezea barabarani. Na kilichomuumiza Adolphine zaidi ni kwamba watu hao hao walikuwa wakisali naye Jumapili, wakipokea mwili wa Bwana kwenye foleni moja, wakimpa mkono wa amani. Mkono wake ulifaa kwa amani, kwa chumvi ukawa sumu.

Aliyechelewa kumwacha alikuwa Gauthier, mwenye nganda ya Karavia, baa ya bustani ambako watu wa ofisi huenda kunywa bia Jumamosi. Gauthier alikuwa akichukua karibu nusu ya nyama yake. Alikuja na gari, hakuteremka, akashusha kioo nusu.

"Mama Adolphine, miye siamini mambo hii, unajua. Nilisoma. Lakini bakliyan, bateja yangu, banaamini. Utanielewa."

"Ninakuelewa sana," Adolphine alimjibu. "Weye hauamini, lakini unatii."

Kioo kilipanda.

Falonne, jirani na rafiki yake, ndiye aliyekuja na ufumbuzi. Falonne ni mwanamke wa moyo mkubwa, mwenye kupenda mambo yaishe. Aliketi juu ya gogo kando ya pipa la moshi na kuusema mpango wake.

"Dada, usikilize. Weye usiguse munyu. Miye nitaitia. Utakaa hapa, utanionyesha na mudomo, miye nitachanganya na mukono. Bantu batakula, weye utauza, na Mwelwa atabakia na kelele yake."

Ulikuwa mpango mzuri, nani angekataa? Wanawake wengi wa hapa wamewahi kumwita mtu mwingine atie chumvi kwa siku ambazo desturi inawakataza, na chungu hakijui tofauti. Adolphine alikuwa na pipa lililopoa na watoto wanaokula. Akakubali.

Basi Falonne akachanganya. Adolphine alisimama nyuma yake, mikono mgongoni kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, akisema ongeza, acha, geuza kutoka chini. Falonne aliponyoosha kiganja kilichojaa ili mwenzake aonje, Adolphine alikilamba, na mchanganyiko ulikuwa sawa. Ningependa kukuambia kwamba ulikuwa mbaya, kwamba nyama ilijua. Haikujua. Ilitoka na rangi ya asali iliyoungua, ikanukia mtaa mzima, na habari zikaenea kwamba sasa ni Falonne anayetia munyu. Wateja wakarudi wakiwa na njaa ya kulipiza.

Ijumaa, Adolphine alikuwa nyuma ya pipa akigeuza mbavu, moshi ukimfunika, aliposikia gari la Gauthier likisimama getini. Safari hii aliteremka.

"Nani anatiaka munyu sasa?" aliuliza.

"Ni miye, papa Gauthier," Falonne alijibu kwa furaha. "Yee haigusake. Hata kidogo."

"Ah! Muzuri. Unipatie kama zamani."

Yee haigusake. Adolphine aliyasikia maneno hayo, akashika ukingo wa pipa na kuungua kiganja bila kukiondoa upesi. Falonne hakuwa na kosa. Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilikuwa imetoka nyumbani kwa Adolphine, kwa ruhusa ya Adolphine, getini kwake mwenyewe. Mwelwa alisema ni mchafu, na yeye alisema hapana mbele ya wazee wote. Sasa alikuwa amesimama ndani ya moshi akisema ndiyo kila Ijumaa. Mikono hii ilimgeuza Chama kitandani asipate vidonda. Mikono hii ilimfumba macho. Alilia kwa hasira, na waliomwona walidhani ni moshi.

Kesho yake asubuhi Falonne alipofika, alimkuta rafiki yake amevaa kitenge kizuri, kile cha sikukuu, na ameshaburuta meza mpaka nje ya geti, kwenye udongo mwekundu wa barabara. Juu ya meza lilikuwapo beseni kubwa, sufuria ya chumvi ya moto, kikombe cha kupimia, na viungo vyote vikiwa wazi kwa macho ya wapita njia.

"Unafanya nini?" Falonne aliuliza.

"Aksanti, dada yangu. Ulinisaidia, sitasahau. Lakini leo nitatia miye mwenyewe. Na nitatia hapa."

"Bantu batakimbia!"

"Bakimbie. Barabara iko mukubwa."

Kweli, hakuna aliyekimbia. Katuba haimkimbii mtu anayefanya kituko, humzunguka. Walisimama wauza mkate na beseni zao kichwani, vijana wa pikipiki wakazima injini, mama wa jirani akatoka na watoto wake wote. Adolphine alikunja mikono ya blauzi mpaka juu ya viwiko. Kiganja kimoja kilikuwa na malengelenge ya jana.

"Ninyi wote munanijua," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka. "Mulikula kwangu wakati Chama alikuwa muzima, na mulikula wakati alikuwa mugonjwa. Leo banasema mukono hii ni sumu. Ni hii hapa. Muangalie vile inaingia. Mwenye anaogopa asinunue. Lakini asiniambie tena kama daktari alimukataza nguruwe!"

Watu wengine walicheka. Yule wa daktari aliangalia viatu vyake.

Adolphine akamimina kikombe cha kwanza cha chumvi katika beseni na kuzamisha mkono. Iliingia katika malengelenge ikamchoma mpaka kwenye meno, lakini hakuutoa. Alitia unga wa uyoga, akaugeuza kutoka chini kama mama yake alivyomfundisha, akatia pilipili. Ushujaa ulikuwapo wote usoni. Mkononi, nikuambie ukweli, kulikuwa na woga kidogo. Alimimina kikombe cha pili cha chumvi, akachukua kikombe cha tatu, cha mwisho kama siku zote, akasita nacho juu ya beseni, akakirudisha mezani. Hakuna aliyeona, naye mwenyewe hakujua kwamba amefanya hivyo.

Hapo ndipo teksi ikafika. Mtu alikuwa amepiga simu Kipushi tangu alfajiri, sijui nani, na katika mji huu hakuna haja ya kujua. Mwelwa aliteremka kwanza, mwekundu wa macho, akazunguka kumfungulia mama yake mlango. Mama Martine alitoka taratibu akishika paa la gari. Watu walimpisha. Alikuwa na leso yake mkononi na kikohozi chake kifuani, na kila mmoja aliyepo alisikia jinsi kilivyomkwangua.

"Mama, umuone!" Mwelwa alisema. "Umuone kwa macho yako. Mu barabara! Anatuletea haya mbele ya bantu. Umuambie. Miye hanisikiake, umuambie weye."

Adolphine hakutoa mkono kwenye beseni. Kwa Mwelwa alikuwa tayari, maneno yake yalikuwa yamepangwa. Mama huyu alikuwa jambo jingine. Huyu ndiye aliyemzaa Chama. Akisema ondoa meza, mbele ya watu hawa, hakutakuwa na nyama tena Ijumaa wala Jumamosi, wala uso wa kurudi nao kanisani.

Mama Martine alikuja mpaka mezani. Aliangalia mkono wa mkaza mwanawe ulivyokuwa umezama mpaka kwenye kifundo. Aliangalia kitenge cha sikukuu. Kisha akanyoosha kiganja.

"Leta."

"Mama, hapana!" Mwelwa alimshika bega.

"Uniache," Mama Martine alisema bila kugeuka. "Wakati baba yenu alikufa, na miye walisema niko muchafu. Ndugu yake alikuya. Nilikuwa na batoto ya kulisha, nilikubali. Walinisafisha, Mwelwa. Walinisafisha muzuri sana." Kikohozi kikamshika, akasubiri kipite, akajifuta mdomo na leso. "Na minakohoa mpaka leo."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akajiziba mdomo kwa haraka. Mwelwa aliondoa mkono wake begani mwa mama yake kama aliyegusa sufuria ya moto. Sidhani kama alikuwa amewahi kuwaza kwamba desturi ile ilimpitia mtu, na kwamba mtu huyo ndiye aliyemnyonyesha.

Adolphine alichota chembe kwa vidole vitatu, akaziweka kwenye kiganja cha mama mkwe wake. Kiganja kilikuwa kikavu, chepesi, chenye mistari mingi. Mama Martine aliinua kiganja mdomoni na kulamba, polepole, mbele ya wauza mkate na vijana wa pikipiki na mama wa jirani na watoto wake wote. Akafunga macho. Akakunja uso, vile vile kama siku zote, na Adolphine alijikuta akilisubiri neno lile la miaka yote, neno lililokuwa likimfanya Chama ashike ukuta kwa kucheka.

"Munyu iko kidogo," Mama Martine alisema.

Adolphine alimtazama. Kisha akakitazama kikombe cha tatu, kimejaa, kimekaa mezani pale alipokirudisha.

"Unaogopa nani?" mama mkwe wake akasema. "Ongeza."

Adolphine hakuchukua kikombe. Alizamisha mkono wake uliojaa malengelenge ndani ya sufuria ya chumvi, akachota kiganja kizima, akaongeza.